Ziada ya hospitali ni ya nani?

Ndugu wa mgonjwa akifika dirishani na bili mkononi, swali huwa ni lilelile: kama hii ni hospitali ya kanisa na haifanyi biashara, mbona inatoza? Nimefanya uhasibu wa hospitali kwa miaka mingi, za misheni na za kampuni, na swali hilo naliona ni la haki kabisa. Ila jibu lake haliko kwenye bili. Hospitali zote hutoza, na zote zinatakiwa zibakiwe na kitu mwisho wa mwaka, maana jenereta huchakaa na dawa za mwezi ujao zinaagizwa leo. Tofauti inaanzia kwenye hicho kilichobaki.

Tuchukue mfano wa hospitali iliyokusanya shilingi bilioni 5 kwa mwaka ikatumia bilioni 4.7. Imebakiwa na milioni 300. Ikiwa ni kampuni yenye hisa, hiyo ni faida. Kwa hesabu ya haraka, kodi ya mapato ya asilimia 30 inachukua milioni 90, na milioni 210 zinazosalia bodi inaweza kuziacha ndani ya hospitali au kuwapa wanahisa gawio. Ni haki yao. Walitoa mtaji wao. Ikiwa ni hospitali ya dayosisi iliyo chini ya bodi ya wadhamini, hakuna mwanahisa wa kugawiwa. Askofu hawezi kuzichukua, wala mwenyekiti wa bodi. Zinarudi kwenye kazi iliyoandikwa kwenye katiba yao: wodi mpya, mashine ya eksirei, msamaha kwa wasiojiweza. Na nafuu ya kodi nayo haiji yenyewe kwa sababu kuna msalaba getini. Lazima TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ikutambue kuwa shirika la hisani, na hesabu zako zithibitishe hivyo.

Hapo ndipo wengi huishia, wakiamini upande mmoja ni wa huruma na mwingine wa tamaa. Mimi siamini hivyo. Ziada inaweza kutoka kwa mlango wa nyuma hata pasipo gawio: mishahara minono ya wakubwa, zabuni ya chakula kwa shemeji wa mjumbe wa bodi, jengo la mjumbe linalopangishwa kwa bei ya juu. Ndiyo maana nikipewa hesabu za hospitali isiyo ya faida, naanza na mikataba yake kabla ya mapato. Na kampuni nayo ina nguvu ambayo misheni haina. Mashine ikihitajika, wanahisa wanaongeza mtaji na mashine inafika, wakati hospitali ya misheni inaandika andiko la ufadhili na kungoja.

Umiliki huonekana waziwazi kwenye kikao cha mapato na matumizi, pale inapofika zamu ya wodi inayopata hasara. Wodi ya watoto njiti ndiyo mfano wangu wa siku zote. Mtoto wa kilo moja na robo analazwa wiki kadhaa, anahitaji oksijeni, joto, maziwa ya mama kwa mrija, na muuguzi asiyetoka pale usiku. Familia nyingi haziwezi kulipa gharama halisi ya hayo. Kila mwezi mstari wake ni mwekundu. Kwenye vikao vya kampuni nimesikia hoja ya kupunguza vitanda ikiletwa kwa heshima na takwimu zote; wajumbe wana wajibu kwa wenye hisa. Kwenye hospitali za misheni mjadala huwa ni wa wapi pa kuchukua: ada ya wodi za daraja la kwanza, au kuisubiri ruzuku. Wodi yenyewe haiguswi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko bango lolote la getini.

Tanzania ina historia yake katika hili. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba ya kibiashara na kuyaacha mashirika ya dini yaendelee. Marekebisho ya 1991 ndiyo yaliyofungua mlango tena. Kwa hiyo hospitali za faida zilikua zaidi mijini, walipo wenye fedha taslimu na kadi za bima, huku za misheni zikiwa vijijini tangu zamani. Wilaya isiyo na hospitali ya serikali iliifanya ile ya kanisa kuwa hospitali teule, serikali ikatoa ruzuku na watumishi. Hospitali ya Bugando ya Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki, ilitaifishwa mwaka 1972 na kurudishwa mwaka 1985 kwa makubaliano ambayo chini yake serikali imeendelea kushiriki kuiendesha. Mwenye mali ni mmoja, anayelipa sehemu ya mishahara ni mwingine, na mgonjwa anahudumiwa.

Hatari kubwa ipo siku ya kuuza. Mfano ninaowapa wajumbe wa bodi unatoka Massachusetts, Marekani. Hospitali sita za Caritas Christi, zilizokuwa chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Boston, zilinunuliwa mwaka 2010 na mfuko wa uwekezaji wa Cerberus na kuwa kampuni ya faida iitwayo Steward. Mwaka 2016 Steward iliuza majengo na viwanja kwa Medical Properties Trust, kampuni inayonunua majengo ya hospitali na kuyapangisha, kwa takriban dola bilioni 1.25, mkataba uliohusisha pia sehemu ya hisa zake, kisha ikawa mpangaji katika majengo yaleyale. Wawekezaji walipata fedha zao. Hospitali zikabaki na kodi ya pango ya kulipa mwaka hadi mwaka. Mei 2024 Steward iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Agosti 31 mwaka huohuo ilifungwa Carney, hospitali ya Dorchester iliyokuwepo tangu 1863, pamoja na Nashoba Valley ya mji wa Ayer.

Bodi ya wadhamini inapoletewa mwekezaji mwenye fedha za ukarabati, ushauri wangu ni kwamba mkataba wa uendeshaji unajadilika, wenye muda na vipengele vya kuuvunja. Hatimiliki ya kiwanja ibaki kwa wadhamini, na isiwekwe rehani kwa mkopo wa mwendeshaji.