Jumamosi moja ya vita: tarehe 12 Februari 1944

Watu wakija huku makumbusho wanataka niwaelezee vita kuu ya pili yote kwa nusu saa, haiwezekani jamani, so mimi huwa nachukua siku moja tu. Siku yangu ni Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944.

Siku hiyo Warusi wameingia mji wa Luga, kusini ya Leningrad, wiki mbili tu na ushee tangu wauvunje ule mzingiro. Ukraine nako Wajerumani kama 60,000 hivi wamebanwa Korsun, barafu imeyeyuka, ni tope kila mahali, malori yanazama tu. Italia, Wamarekani wamepigika vya kutosha pale Monte Cassino, wanawaachia nafasi wanajeshi wa New Zealand. Na Bama (wazee wetu wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, hawakuwahi kusema Burma) Wajapani wamewazunguka Waingereza na Wahindi kule Arakan, na bonde la pili, Kaladan, kuna divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi, vijana wa Nigeria na Gold Coast, ndo Ghana ya sasa, huko.

Hayo utayapata kwenye kalenda yoyote ya vita. Ya kwetu ndo inapewa mstari mmoja, mara nyingine hata huo haupo.

Ni hivi. Mwanzoni mwa mwezi huo msafara wa meli tano za askari uling'oa nanga Kilindini, bandari ya Mombasa, kwenda Colombo, Silon, ndo Sri Lanka ya sasa, maana askari wetu walikuwa wanapelekwa kule kwanza kabla ya kuingia Bama. Moja ya hizo meli ni Khedive Ismail. Ndani kuna watu 1,511, karibu 1,000 ni wa rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, halafu manesi zaidi ya 50, mabaharia na wengineo. Kama saa nane na nusu mchana, jua kali, wako usawa wa Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikawapiga topido mbili, yale makombora yanayopita ndani ya maji. Meli ilizama ndani ya dakika tatu hivi, wengine wanasema hazikufika. Dakika tatu, we fikiria uko deki ya chini na ngazi ni moja na mnaigombania mamia. Walikufa 1,297. Walionusurika ni 214, kati yao wanawake 6 tu.

Hapo sasa ndo pana ubishi mpaka leo. Manowari mbili za Kiingereza, Petard na Paladin, zilirudi kuisaka ile nyambizi na zikaangusha mabomu yanayolipukia chini ya maji, na juu ya hayo maji kuna watu wetu wanaelea. Kijeshi namuelewa kamanda, meli nne zilikuwa bado ziko njiani na maelfu ya askari ndani, ila mwelezee hivyo mjukuu wa marehemu uone anavyokuangalia.

Nyambizi ikaibuka. Wakaipiga mizinga, risasi zinagonga chuma hazipenyi, Paladin ikataka kuigonga kwa ubavu ikaishia kuchanika yenyewe, Petard ikaanza kurusha topido, ya kwanza ikakosa, ya pili ikakosa, hivyo hivyo mpaka sita, ya saba ndo ikaimaliza.

Na siku hiyo hiyo, huku Ugiriki, meli ya Oria iliyotoka Rhodes ikagonga mwamba kwenye dhoruba karibu na kisiwa cha Patroklos, imejaa mateka wa Kiitalia zaidi ya 4,000 waliokataa kuendelea kupigana upande wa Mjerumani. Waliopona ni makumi tu. Meli mbili, bahari mbili, siku moja, na zote zimejaa watu ambao vita haikuwa yao.

Wa 301 hawana makaburi, majina yao yamechongwa kwenye mnara ulioko makaburi ya vita Nairobi, upande wa Ngong Road. Kama kwenu kuna babu alipanda meli Kilindini mwaka 1944 na hakurudi, tafuta kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure, weka tarehe ya kifo kwanza jina baadaye, maana makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia, Otieno anaweza kukosa herufi na Mwangi akazidishiwa. Namba yake ya jeshi ukiwa nayo, hiyo ndo ya uhakika.