Nyuzi za kauri zenye utando: joto kali hubadili nini ndani yake?

Uzi wa silikoni kabaidi, kauri ya silikoni na kaboni, ni mwembamba kuliko unywele. Ule wa Nicalon, uliozaliwa na kazi ya Seishi Yajima nchini Japani miaka ya 1970, una kipenyo cha takriban mikromita 14 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Hupakwa utando wa kaboni au boroni nitraidi (mchanganyiko wa boroni na nitrojeni), kisha huzikwa ndani ya kauri nyingine. Utando huo huwa dhaifu kwa makusudi: ufa ukiufikia hugeuka na kufuata ubavu wa uzi badala ya kuukata, na kipande kizima hakipasuki kwa mkupuo.

Muundo wa ndani, ule unaohitaji hadubini, ni ukubwa wa punje za fuwele, mipaka kati yake na vitundu vilivyobaki. Joto la tanuri huupanga upya, tena si kwa faida tu.

Boroni nitraidi iliyowekwa kwa gesi katika joto la chini huwa na tabaka zilizokaa shaghalabaghala, kama kurasa zilizorundikwa bila kunyooshwa. Ikipashwa joto zaidi, tabaka hujipanga, fuwele hukua, na utando huhimili unyevu vizuri zaidi. Shida ni kwamba uzi nao umo humo tanurini. Nicalon ya kawaida ina oksijeni nyingi, kama asilimia 12 ya uzito wake. Kupita digrii 1,200 za Selsiasi hivi, sehemu yenye oksijeni huvunjika na kutoroka kama gesi za kaboni monoksaidi na silikoni monoksaidi. Punje, zilizokuwa za nanomita chache (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita), hunenepa. Uzi hubaki na vitundu na nguvu yake hushuka. Utando safi juu ya uzi wa namna hiyo ni kazi bure.

Hi-Nicalon, toleo lililofuata la uzi huo, ilikuja kuziba pengo hilo: wakati wa kutengenezwa hukazwa kwa miale ya elektroni badala ya hewa yenye oksijeni, hivyo oksijeni yake haifiki hata asilimia 1. Nyuzi za silikoni kabaidi zenye utando zimo leo katika injini ya ndege iitwayo LEAP, inayorusha pia Boeing 737 MAX 9 za Air Tanzania.

Gesi iliyomo tanurini nayo si jambo dogo. Penye hewa, utando wa kaboni huanza kuungua kwenye digrii 500 hivi na kuacha mwanya mtupu. Boroni nitraidi huvumilia zaidi, lakini hatimaye hugeuka oksidi ya boroni, kimiminika kinachoweza kuziba nyufa kwa muda, mpaka mvuke wa maji ukichukue.