Asali na kichanga: hata tone moja bado mapema

Wamama wa Tanga leo tuongee kuhusu asali, ile ile ya Handeni tunayoiamini, maana kila nikikaa na wazazi kliniki nasikia bibi kamlambisha mjukuu kidogo kwa kidole, eti inakata chango. Najua bibi anafanya kwa mapenzi, na kwa mtu mzima asali ni chakula kizuri kabisa. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka, HAPANA, hata tone.

Iko hivi. Kuna bakteria anaitwa Klostridiamu botulinamu, anakaa kwenye udongo na vumbi, na akiona mazingira hayamfai hafi, anajifungia kwenye gamba gumu analala, kama mbegu ghalani inayosubiri mvua. Zikiingia kwenye asali hizo mbegu zinalala humo muda mrefu sana, haziharibu ladha wala harufu, huwezi kujua. Mimi na wewe tukila zinapita tu, tumbo letu limeshajaa bakteria wazuri wanaozinyima nafasi, lakini utumbo wa kichanga bado hauna hao walinzi, kwa hiyo zikifika zinaamka, zinaota, zinaanza kutengeneza sumu humo humo ndani. Sumu hiyo inazuia mishipa ya fahamu isiiamrishe misuli, ndo maana mtoto analegea.

Wengine wananiambia basi ntaichemsha. Haisaidii jamani, maji yanachemka nyuzi 100 na mbegu hizo zinavumilia, kuziua kunataka kama nyuzi 121 kwenye mvuke wa presha, jiko lako la mkaa na sufuria havifiki huko.

Dalili zinakuja taratibu, siku 3 mpaka 30, mtu kashasahau kama alilambisha. Mara nyingi inaanza kwa kukosa choo, halafu ananyonya kivivu, kilio kinafifia, kope zinaanguka, shingo iliyokuwa imeshakaza inalegea tena. Homa mara nyingi hamna, na hapo ndo watu wanasema mtoto kapatwa na jicho wanaanza kuzunguka kwa waganga. Msizunguke, sumu ikifika kwenye misuli ya kupumua mtoto anahitaji mashine, kwa hiyo mkimbize kituo cha afya au hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo na useme wazi kama alipewa asali, usione aibu, daktari anahitaji kujua.

Maziwa ya kopo nayo yana wake. Ule unga hata kopo likiwa jipya sio kwamba vijidudu vyote vimekufa, kuna bakteria mwingine anaitwa Kronobakta anaweza kukaa kwenye unga mkavu kimya kabisa, na kwa njiti na watoto chini ya miezi 2 analeta homa ya uti wa mgongo. Huyu maji ya moto yanamuua. Mwongozo wa WHO wa 2007 unasema maji ya kukorogea yasipungue nyuzi 70, yaani chemsha, usiyaache zaidi ya nusu saa, koroga, ndo upooze chupa kwenye maji baridi. Na kwa joto letu hili, chupa ikikaa nje zaidi ya saa 2, mwaga. Najua kopo ni ghali na inauma, lakini mwaga.

Kuna swali naulizwa sana, je mama anayenyonyesha ale asali? Ale tu, hizo mbegu hazipiti kwenye maziwa yake. Asipake tu kwenye chuchu ili mtoto avutike kunyonya.