Sahihi Elfu Nne, Ombi Hakuna

Juzi saa tano kasoro za usiku simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi kimoja cha wauza viazi. "Karani, tumefikisha sahihi elfu nne! Sasa watakwepea wapi?" Nikamuuliza wanaomba nini hasa. Akanyamaza, nikawa nasikia televisheni tu nyuma yake. "Si tunaomba haki."

Ukarani wa bunge la kaunti niliuacha zamani, ila jina limenigandia, na siku hizi kazi yangu ni kuwaandikia watu petisheni, yaani maombi rasmi kwa bunge. Jibu la mwenyekiti nimelisikia mara nyingi mno. Wacha leo nilimalize.

Kifungu cha 119 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kupeleka petisheni Bungeni. Kila mtu maana yake hata mmoja. Sheria ya mwaka 2012 inayoweka utaratibu wa petisheni hizo haitaji idadi ya sahihi popote. Kwa kaunti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti, ya mwaka huo huo, kinatoa haki kama hiyo. Najua imani kwamba lazima sahihi ziwe nyingi imetoka wapi. Ukitaka kubadilisha Katiba kwa njia ya wananchi, kifungu cha 257 kinadai sahihi za wapiga kura milioni 1. Halafu kuna Uingereza, ambako petisheni ya mtandaoni ikipata sahihi 10,000 serikali huijibu, na ikifika 100,000 hufikiriwa kwa mjadala bungeni. Watu wameyachanganya yote kwenye sufuria moja. Hata petisheni ya kupinga matokeo ya urais, ile inayowasilishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 na kuamuliwa ndani ya siku 14, ni kesi yenye mawakili na ushahidi. Haituhusu hapa.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Watu huanza na sahihi. Mtu anazunguka soko zima na daftari, jua la saa saba, anakusanya majina chini ya kichwa kama "Tumechoka!", kisha ananiletea nimwandikie maneno ya kuweka juu. Wale elfu nne walitia sahihi kukubali nini? Hakuna ajuaye.

Mwenyekiti alipokuja kesho yake na bahasha, niliikagua mezani. Kurasa zilikuwa zimekatwa kwenye madaftari tofauti na kubandikwa kwa gundi kwenye karatasi za fulskepu. Ile sheria ya 2012 ya petisheni za Bungeni inasema sahihi, anwani na namba za vitambulisho ziandikwe moja kwa moja kwenye petisheni yenyewe, zisibandikwe wala kuhamishwa kutoka kwingine, na kila karatasi ionyeshe jambo linaloombwa. Kanuni za mabunge ya kaunti nilizofanya nazo kazi zinafuata njia hiyo hiyo. Kwenye ukurasa wa sita nikaona jina, sahihi, halafu pembeni "200/=". Lililofuata "500/=". Jingine "ahadi". Ilikuwa orodha ya mchango wa matanga. Mwenyekiti alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilicheka pia, lakini nilikuwa nimeshaiona sinema hiyo.

Petisheni inabebwa na aya ya mwisho, pale mwombaji anaposema anataka nini. Sheria inataka ombi hilo liwe wazi, lenye heshima, na litaje lengo mahususi. Mwomba chumvi huombea chungu chake, nanyi mnakuja kuomba "haki". Bunge likupe haki kwa hoja gani, kupitia kamati ipi, ibadilishe nini? Na kama kuna maneno ningeyapiga marufuku, ni "tunaomba bunge liingilie kati". Liingilie kati kufanyaje? Karani hawezi kuliandika hilo kwenye ajenda likaeleweka, na kamati isiyoipenda shida yako itafurahi sana, kwa sababu itamwita afisa mmoja, itamuuliza maswali mawili, na itakuwa imeingilia kati.

Ilinichukua karibu saa mbili kumchimba mwenyekiti. Soko ni bovu, ndiyo. Choo hakuna, ndiyo. Lakini kilichowaleta pamoja ni gunia la viazi kutozwa ushuru barabarani likitoka shambani, kisha kutozwa tena kwenye lango la soko, ndani ya kaunti ile ile. Hapo tukaandika: tunaomba bunge hili lirekebishe jedwali la ushuru katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ili gunia lililokwisha kulipiwa na lenye risiti ya siku hiyo lisitozwe tena langoni. Choo tukakiacha kwa petisheni nyingine. Hakufurahi.

Tukaongeza ni wapi wameshalalamika na walijibiwa nini, na kwamba suala haliko mahakamani. Hayo mawili watu huyasahau, na karani anairudisha petisheni kwako huku una uhakika kwamba umehujumiwa.

Jambo la kujua mlango wa kugonga si la jana. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni Tanganyika iliwahamisha Wameru wa huko kutoka Engare Nanyuki, karibu na Mlima Meru, ili ardhi iende kwa walowezi wa Kizungu. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wenyeji wa maeneo ya udhamini walikuwa na haki ya kupeleka maombi huko. Wameru wakaitumia: mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuwasemea. Walimwandikia mwenye mamlaka juu ya mkoloni, na walitaka kitu kinachotajika: ardhi yao. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia. Nalisema hilo makusudi, maana wapo wanaofundisha petisheni kana kwamba ukiiandika vizuri imeshajibiwa.

Hata mimi nina mashaka yangu. Sheria inadai lugha ya adabu na ya kiasi, nami nimefuta neno "wezi" kwenye petisheni za watu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kuna siku nilidhani ndilo neno la kweli kuliko yote kwenye ukurasa. Na kuhusu wingi, niwe mkweli: kisheria hauna uzito, lakini nimemwona mwakilishi wadi akiruka aya zote hadi kurasa za sahihi, akipitisha kidole kutafuta vijiji vyake. Mwenyekiti hajakosea kabisa, ila asinisikie nikisema.

Wauza viazi wengine niliowaandikia zamani kidogo, kwa shida hiyo hiyo, walikuwa kumi na mmoja tu, karatasi mbili. Kamati iliwasikiliza, ripoti ikaja na mapendekezo mazuri, bunge likaipitisha. Jumamosi nilipita soko lao kununua viazi, nikamuuliza mama mmoja mambo ya ushuru yanaendeleaje. Akaingiza mkono kwenye aproni, akanitolea risiti mbili za asubuhi hiyo.