Msimu Huu Akodioni Itapumzika Kwenye Rasti

Orodha ya nyimbo za msimu ujao imeshabandikwa ukumbini kwetu, na tangu siku hiyo naulizwa suali moja: kwa nini mpiga akodioni amepangiwa kukaa kimya katika nyimbo tatu, tena nyimbo kubwa? Wengine wamedhani kuna ugomvi kikundini. Hakuna. Uamuzi ni wangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupanga ala, na mwenye akodioni tulikaa tukazungumza akaridhia kwa moyo safi. Nataka kueleza sababu yake kwa urefu, maana inagusa kitu ambacho kwangu ndicho utamu wenyewe wa taarabu yetu, na masikio yetu yanakaribia kukisahau.

Chukua makamu ya Rasti, makamu ikiwa ni mpangilio wa sauti unaojengewa wimbo. Ikianzia kwenye do, sauti yake ya tatu si mi unayoipata kwenye kinanda, wala si mi iliyoshushwa nusu. Imekaa baina yao. Watu wa nadharia huigawa oktava, yaani toka do mpaka do ya juu yake, senti 1200. Mi kamili huwa kwenye 400, iliyoshushwa nusu kwenye 300, na ya Rasti huandikwa 350. Huandikwa hivyo tu, kwani wapigaji hawaiweki pahala pamoja. Waturuki huipandisha zaidi kuliko Wamisri. Mwaka 1932 mabingwa walikutana Cairo kwenye mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, wakajadili kama oktava igawanywe robo 24 zilizo sawa sawa, kila robo ikiwa nusu ya hatua moja ya kinanda, na hawakuafikiana. Mpiga fidla haihitaji hesabu hiyo. Kidole chake hakina kizuizi kwenye shingo ya ala, hivyo huteleza mpaka sikio liseme basi. Udi ni vivyo hivyo, selo na besi pia. Bayati, makamu nyengine, nayo ina robo yake, ila huko imekuja mapema zaidi, kwenye sauti ya pili, ndiyo maana wimbo wa Bayati hukushika tangu mwimbaji anapofungua kinywa.

Akodioni ina vitufe 12 katika oktava, na nyuma ya kila kitufe kuna vilimi vya chuma vilivyokatwa kwa kipimo kimoja. Mpigaji hana la kuvifanya. Akibonyeza mi, inatoka mi. Sasa zipige pamoja: mi ya akodioni, ile ya juu ya do ya katikati, hutikisika karibu mara 330 kwa sekunde. Mi ya fidla ikiwa imeshushwa robo hutikisika kama mara 320. Zikilia kwa wakati mmoja, ile tofauti ya 10 unaisikia wazi, sauti inatetema kwa kasi kama kwamba kuna ala iliyoharibika. Hapo mmoja lazima ampishe mwenziwe. Akodioni haiwezi, basi anayepisha siku zote ni mwenye fidla: anapandisha kidole, Rasti inageuka Ajami, makamu isiyo na robo, na msikilizaji hajui kilichopotea. Misri mafundi walizifungua akodioni zao wakavikwaruza vilimi mpaka zikatoa robo. Kwetu ala ni chache, na ukishakwaruza kilimi, ala hiyo haifai tena kwa nyimbo nyengine. Sikuthubutu kumwambia mtu afanye hivyo.

Naomba nisieleweke vibaya. Akodioni imeibeba taarabu ya Unguja kwa miaka mingi, na katika wimbo wa Nahawandi, makamu nyengine isiyo na robo, pumzi yake ndiyo inayofanya fidla nne zisikike nane. Kwa mapokeo yetu, ni Sultani wetu Sayyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, aliyefungua mlango wa muziki huu kutoka Misri. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, hata maneno yaliyoimbwa yalikuwa ya Kiarabu. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, Kiswahili ndicho kilichosikika kwenye santuri. Baadaye zikaja filamu za Cairo na redio, watu wakamsikia mwimbaji wa Misri Umm Kulthum akiwa na firqa, yaani kundi zima la wapigaji, nyuma yake, na vikundi vyetu navyo vikaongeza fidla, selo, besi na akodioni. Lakini kadiri ala za vitufe zilivyozidi, na kinanda cha umeme kikafuatia, ndivyo watungaji walivyoelemea kwenye Hijazi, Nahawandi na Ajami, makamu ambazo vitufe vinazimudu. Tumepata nyimbo nzuri mno kwa njia hiyo. Ila kijana aliyezaliwa katika miaka hii anaweza kufika mtu mzima asiwahi kusikia Rasti iliyokaa sawa jukwaani, na hilo linaniuma.

Kwa hiyo msimu huu kila usiku tutaufungua na bashrafu ya Rasti bila akodioni. Bashrafu, kwa wasioizoea, ni kipande cha ala tupu tulichorithi kwa njia ya Waturuki na Wamisri: kina sehemu nne ziitwazo khana, na baada ya kila khana ala zote hurudi kwenye taslimu ile ile. Watu wengi huitumia nafasi hii kutafuta viti na kuamkiana. Mwaka huu nakuombeni mkae mapema. Nimeiweka mwanzo kwa sababu ya sikio: ukishasikiliza vitufe kwa saa nzima, robo ikija baadaye utadhani fidla zimechacha. Ikija kwanza, sikio bado halijachagua upande. Baada ya bashrafu tunaingia wimbo wa Rasti, halafu wa Bayati, ndipo mwenye akodioni ananyanyua mfuko wake na Nahawandi, kwa mizani ya bolero, na naamini ukumbi utampokea kwa shangwe zaidi kwa kuwa umemsubiri. Mwisho tunashuka kwenye mdundo wa kumbwaya, na hapo hakuna atakayebaki kitini.

Nyimbo ni chache kwenye orodha, nalo hilo nimeulizwa. Wimbo mmoja wa taarabu unaweza kuchukua robo saa, na urefu wake hauamuliwi na sisi. Bibi akinyanyuka katikati ya ubeti kwenda kumtunza mwimbaji, akafuatwa na shoga zake, kiitikio kitarudiwa mpaka wamalize. Mpiga dumbaki, ile ngoma ndogo, anamtazama mwimbaji, na sisi tunamtazama mpiga dumbaki. Programu ya dakika kwa dakika haiwezekani kwetu, na sioni haja ya kuitamani.

Kinachonipa wasiwasi zaidi ni ganuni. Ala hii ina nyuzi zinazokwenda tatu tatu kwa kila sauti. Yetu ina mafungu 26, yaani nyuzi 78 za kutengeneza kila tunapopiga. Nyuzi zote hukalia daraja, na miguu ya daraja hukalia ngozi ya samaki. Unyevu ukizidi ngozi hulegea, daraja hushuka kidogo, na nyuzi zote hushuka nalo. Wakati wa masika ustadhi wetu hutengeneza ala kabla ya Magharibi, na baada ya Isha huanza upya. Kushoto pana vipini vidogo vya chuma vya kupandishia na kushushia sauti. Zamani havikuwapo, mpigaji alibana uzi kwa ukucha wa dole gumba. Ustadhi wetu bado anautumia ukucha pale kipini kisipoipata robo anayoitaka, na vijana wanapomwona huacha kupiga wakamtazama.

Sasa ratiba. Orkestra za Ulaya hufungua msimu majira ya baridi yanapokaribia. Sisi tunafuata mwezi mwandamo. Ramadhani hatupigi, na kwa vile hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladia, msimu wetu nao huhama. Miaka mingine usiku wa Idi huangukia kaskazi, hewa kavu, ganuni inatulia. Miaka mingine ni katikati ya mvua na lazima tuwe chini ya paa. Tutaanza Idi pili, tuendelee mpaka Idi ya Kuchinja, kisha tupumzike Mfungo Sita watu wawe kwenye maulidi yao. Ngome Kongwe tutapiga usiku mmoja, kusi likishatulia. Pahala pale pana uzuri wake, ukuta wa mawe nyuma na mbingu juu, lakini hapana paa, na upepo wa Forodhani hupeperusha karatasi za nota. Kila kijana anayesoma nota aje na vibanio vya nguo. Wazee hawavihitaji, wamezihifadhi nyimbo vichwani.

Pemba tutakwenda baada ya mavuno ya karafuu. Wakati wa mavuno watu hushinda mashambani, hurudi wamechoka, na si haki kuwataka wakeshe. Besi ndiyo mzigo mgumu: haiingii kwenye gari ndogo, na ndani ya boti lazima mtu akae nayo safari nzima asiikanyage abiria wala isigonge ukuta. Tunatafuta mtu wa Chake Chake aliye na besi ya kutuazima, na anayemjua atuarifu mapema.

Mazoezi yenyewe yamenifurahisha kuliko nilivyotarajia. Baadhi ya vijana wetu wamesomea muziki kwenye chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kilichoanzishwa hapa mjini mwaka 2002, na wanasoma nota kwa kasi ambayo mimi sina. Robo kwenye karatasi huandikwa kwa alama ya kushusha iliyokatwa kwa mstari, na waliiona wakaielewa papo hapo. Kuipiga ikawa shughuli nyengine. Nikawaambia waweke karatasi chini, mzee wa udi akae katikati, apige sauti tatu za mwanzo za Rasti, na wao waziimbe kwa mdomo kabla ya kugusa fidla. Mwishoni mwa wiki za mwanzo msichana mmoja alisimama peke yake akaipiga, na mzee akaacha udi akasema, "Hapo hapo mwanangu, usikitoe kidole." Sote tuliisikia.

Usiku wa Idi pili tutaanza baada ya Isha. Anayetaka kuisikia robo vizuri akae mbele, karibu na ganuni, kwa sababu spika za pembeni huimeza. Kina mama na kina bibi, noti za kumtunza mwimbaji njooni nazo kwa wingi, ila nakuombeni zisubiri mpaka taslimu ya mwisho imalizike.