Uzee na akili: tunayoyaamini na hali ilivyo

Mtu akishapita miaka 60, kila anachosahau hupewa sababu moja: uzee. Hukumu hiyo huwavunja moyo wazee wengi bure, na wengine huwachelewesha kutibiwa.

Dhana: akili yote hushuka kwa pamoja

Akili si kitu kimoja. Kinachotangulia kupungua ni kasi ya kuchanganua jambo jipya, na hiyo huanza kupungua taratibu tangu ujanani, wakati hakuna anayeiona. Msamiati na maarifa, kwa upande wake, huweza kuendelea kukua hadi miaka ya 60. Mpe bibi fumbo la maneno na simu mpya siku hiyohiyo: kwenye fumbo atampita mjukuu wake, kwenye simu ataelekezwa mara tatu. Ni kichwa kilekile.

Mwaka 1956, mwanasaikolojia K. Warner Schaie alianza kuwapima watu wazima huko Seattle, Marekani, akawa anawarudia kila baada ya miaka 7. Vijana na wazee wakilinganishwa siku moja, pengo huonekana kubwa, lakini sehemu yake ni elimu tu: vijana wamesoma zaidi. Alipowafuatilia watu walewale, uwezo wao mwingi ulidumu hadi miaka ya 60.

Dhana: mzee hafundishiki

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo inahusu malezi, si ubongo. Mzee hujifunza, ila apewe muda na asiharakishwe.

Dhana: kusahau majina ni mwanzo wa ugonjwa

Jina kuwa mdomoni likakataa kutoka, kisha likaja lenyewe ukiwa unaosha vyombo, ni jambo la kawaida. La kushtua ni mtu kupotea kwenye njia anayoipita kila siku, au kurudia swali alilojibiwa punde tu.

Dhana: dimensha ni uzee wenyewe

Hapana. Dimensha ni kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kiasi cha kuvuruga maisha ya kila siku. Husababishwa na magonjwa ya ubongo, na wazee wengi hawaipati kamwe. Tena si kila usahaulifu ni dimensha: upungufu wa vitamini B12, sonona, hitilafu ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa za usingizi huweza kuuleta, na hayo yana tiba. Yapo pia masikio. Umemuuliza baba kama amekula, yeye akajibu habari za mvua, nanyi mkatazamana kwa huzuni. Huenda hakusikia swali. Mpelekeni akapimwe masikio.