Gari la familia: jipya au lililotumika? Anza na miaka, bei ifuate

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi, na wengi wanaonipigia simu ni wazazi. Swali lao ni lile lile: "Fundi, nichukue jipya au lililotumika?" Nami huwauliza kwanza: unataka kukaa na hilo gari miaka mingapi? Mtu asiyejua jibu la hapo hawezi kujua kama bei aliyotajiwa ni nafuu au ni ghali.

Gari hushuka thamani kwa kasi zaidi likiwa changa. Mwaka wa kwanza peke yake magari mengi hupoteza karibu asilimia 20 ya bei, kisha kasi inapungua. Tuchukue mfano wa hesabu. Gari jipya linauzwa 100. Baada ya miaka 4 linauzika 55, likifika miaka 8 linauzika 30, na kwenye miaka 12 linabaki na 15. Aliyelinunua jipya akaliuza baada ya miaka 4 amepoteza 45, yaani zaidi ya 11 kila mwaka. Aliyelinunua kwake akakaa nalo miaka 4 mingine amepoteza 25. Mwongezee 10 za matengenezo, inakuwa 35, chini kidogo ya 9 kwa mwaka. Huyu wa pili kafanya biashara nzuri.

Sasa mtazame wa tatu: kanunua jipya, kakaa nalo miaka yote 12, na matengenezo ya uzeeni yamemla 20. Ukijumlisha na 85 za thamani iliyopotea, jumla yake ni 105, ukigawa kwa miaka 12 nayo ni chini kidogo ya 9. Kalingana na aliyenunua lililotumika! Tarakimu za gari lako zitakuwa tofauti, ila mwelekeo ni huo huo. Kwa hiyo mimi nasema wazi: kama wewe ni mtu wa kubadilisha gari kila baada ya miaka michache, usinunue jipya. Kama ni mtu wa kulitunza mpaka lizeeke mikononi mwako, jipya ni uamuzi wa busara kabisa, kwa sababu utajua kila oili iliyomwagwa na kila bolti iliyofunguliwa. Ila usilichukue kwa mkopo ambao riba yake itameza faida yote hiyo. Piga hesabu ya jumla utakayolipa mpaka mwisho, usiangalie kiasi cha kila mwezi tu.

Kwa lililotumika, umri ninaoupenda kwa familia ni miaka 3 hadi 6. Mteremko mkubwa wa bei umeshalipwa na mwingine, na vifaa vya usalama bado ni vya kizazi cha karibu. Hapo kwenye usalama sina mjadala. Gari la kubebea watoto lazima liwe na mfumo wa kuzuia kuteleza, ule unaofunga breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kupoteza mwelekeo. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo yote kuanzia toleo la 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya mwishoni mwa 2014. Kwenye masoko mengine, gari la jina lile lile na mwaka ule ule huenda liliuzwa bila mfumo huo, kwa hiyo usimwamini mtu kwa maneno. Washa swichi bila kupiga stati, utazame dashibodi: taa ndogo yenye picha ya gari na alama za kuyumba nyuma yake inapaswa kuwaka kisha kuzimika.

Papo hapo itazame na taa ya mifuko ya hewa. Nayo iwake sekunde chache, izimike. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, shtuka zaidi, maana wapo wanaoiondoa au kuiziba ili mnunuzi asijue kwamba mifuko ilishafumuka kwenye ajali na haikurudishwa. Chukua pia namba ya chesisi, ile ya tarakimu na herufi ambazo mara nyingi ni 17, uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama gari liliitwa kurekebishwa. Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani, ilifanya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yarudishwe, kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na ikilipuka hurusha vipande vya chuma. Mpaka leo yapo yanayouzwa bila kubadilishiwa.

Kilomita nazo hazisomwi kwenye dashibodi peke yake. Inama utazame tairi. Ubavuni kuna tarakimu 4 za mwisho wa msururu wa maandishi: 3521 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2021. Gari la 2018 linalodai kutembea kilomita 28,000 tu, lakini lina tairi 4 za 2021, linanipa maswali. Seti ya kwanza kwa kawaida hudumu zaidi ya hapo. Kwa nini zilibadilishwa mapema hivyo? Pengine kuna sababu nzuri. Basi nitafute risiti, nitazame raba ya pedali ya breki imelika kiasi gani, na usukani umekuwa laini upande gani.

Halafu vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa. Sehemu ya ndani, ile isiyotoka kila siku, ikiwa na tope au mstari wa maji, gari hilo limewahi kuzama, hata kama zulia linanukia manukato. Chini ya mkanda kuna kibandiko chenye tarehe ya kutengenezwa. Tarehe hiyo ikiwa mpya kuliko gari, mkanda ulibadilishwa, na mikanda mara nyingi hubadilishwa baada ya ajali.

Sisitiza ulikute gari injini ikiwa ya baridi. Gusa boneti kwanza. Muuzaji aliyekwishalipasha moto kabla hujafika amekunyima dakika muhimu kuliko zote, zile ambazo injini inayogonga hugonga, inayokula oili hutoa moshi wa bluu, na giaboksi iliyochoka huchelewa kushika ukiweka D. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto ni dalili kwamba maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda.

Mwambie fundi asisome makosa tu kwenye kompyuta ya gari. Kosa hufutwa kwa dakika moja, taa ya injini ikazimika, ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini kumbukumbu ikifutwa, vipimo ambavyo gari hujifanyia lenyewe hurudi mwanzo, na huhitaji safari kadhaa za kawaida kukamilika. Mashine ikionyesha vingi havijakamilika wakati muuzaji anasema gari linatembea kila siku, mtu alifuta kitu juzi. Rudi wiki ijayo, au tafuta jingine.

Magari ya haiburidi, yanayotumia injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, yanahitaji jicho la ziada. Betri yake kubwa mara nyingi hupozwa na feni yenye tundu karibu na kiti cha nyuma, mahali ambapo vumbi, nywele na makombo ya biskuti huziba njia ya hewa. Gari lililolea watoto na halikusafishwa hapo linaweza kuwa na betri iliyopikwa kabla ya wakati. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, basi uliza imebaki miaka mingapi na kama inahamia kwa mmiliki mpya.

Jipya au lililotumika, nenda na viti vya watoto wako. Tafuta zile pete za chuma kati ya mgongo wa kiti na makalio yake, uvifunge hapo hapo mbele ya muuzaji, kisha mtu mzima ajaribu kukaa katikati. Gari linaloitwa la watu 5 likiwa na viti 2 vya watoto huwa la watu 4. Na kwenye gari la safu 3 za viti, safu ya mwisho ikiinuliwa, kigari cha kusukumia mtoto huenda kikakosa pa kuingia; msije mkaligundua hilo siku ya safari.

Muuzaji akikataa ukaguzi wa fundi uliyemchagua wewe, ondoka, hata kama bei inavutia vipi. Akikubali na mkaafikiana, usimpe pesa zako zote. Bakiza kama sehemu 1 kati ya 10 kwa matengenezo ya mwanzo: oili ya injini na ya giaboksi, mafuta ya breki, vichujio, na mkanda wa taimingi kama gari linautumia na hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini. Yafanyike yote kabla ya familia kupanda kwa safari ndefu.